UJUZI WA DAKTARI BINGWA NI AMANA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, tunakuusieni, pamoja na nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Katika karne ya 19 mji wetu wa Tabora ulikuwa njia panda ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi walichukua pembe za ndovu mabegani. Ndui ilipozuka safarini, mara nyingi mgonjwa aliachwa kando ya njia, na mzigo wake akatwishwa mwingine. Pembe ikafika pwani, mchukuzi asifike. Ndiyo hali ya watu wanapoithamini mali kuliko nafsi.

Leo mgonjwa wetu hupelekwa Kitete, na maradhi yakizidi hupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Huko humkabili daktari bingwa. Mgonjwa hawezi kuisoma picha ya eksirei, wala hajui kama kupasuliwa kunamlazimu. Hana budi kuamini. Basi mwili wake ni amana, na katika Suratin-Nisaa tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Mwaka 1977 sheria ya nchi yetu ilizuia matibabu ya kutafuta faida. Mwaka 1991 yakaruhusiwa tena. Ujira wa tabibu ni halali, kwani Mtume mwenyewe (S.A.W.) alimlipa aliyempiga chuku. Lakini kumtia hofu mgonjwa wa hospitali ya serikali ili ahamie kwenye kliniki ya daktari huyo huyo, au kumpasua asiyehitaji kupasuliwa, ni kula mali ya watu kwa batili.

Tena Mtume ametufunza kuwa atibuye bila ya ujuzi hubeba dhamana ya madhara. Kwa hiyo bingwa akifika ukomo wa elimu yake, na aseme: "Hili silijui," ampeleke mgonjwa kwa ajuaye. Na kabla ya kisu, amweleze faida na hatari kwa lugha aifahamuye, kisha aitake ridhaa yake. Siri yake pia aisitiri.

Nanyi wenye wagonjwa, msitoe rushwa ili mtangulizwe. Anayerudishwa nyuma naye ni mgonjwa. Na enyi wanafunzi mnaotamani udaktari, safisheni nia tangu leo.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na uwajaalie waganga wetu uaminifu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.