Kauri wa Pete na Jiwe Lake

Ndugu wakazi wa Diani, Gazi, Msambweni na vijiji vyote vya pwani ya Kwale,

Wengi wenu mmemshika mkononi tangu utotoni, lakini huenda ni wachache mliowahi kumwona akiwa hai. Kauri wa pete ni konokono mdogo wa baharini, wa sentimita 2 hivi, mwenye mstari wa rangi ya dhahabu mgongoni. Ndani ya mstari huo ni kijivu au samawati iliyofifia. Nje yake ni mweupe kama maziwa. Upande wa chini ana ufa mrefu wenye meno kila upande. Meno hayo hayatafuni chochote, ni kingo za mlango tu. Akiwa mchanga hana pete. Ganda lake ni jembamba na mdomo wake uko wazi; akikomaa, mdomo hujikunja kwa ndani.

Mchana hujificha chini ya mawe na vipande vya matumbawe, kwenye maji mafupi kati ya ufuo na mwamba. Usiku hutoka kula mwani. Atembeapo, ngozi laini hutokeza na kulifunika ganda lote. Ngozi hiyo ndiyo inayolijenga na kuling'arisha.

Wazee walimwita kete, na wacheza bao hawajaliacha jina hilo, ingawa wengi siku hizi huchezea komwe. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, walimnunua kwa shehena huko Unguja na kumpeleka Afrika Magharibi, alikotumika kama fedha. Walipeleka wengi mno hata thamani yake ikaporomoka.

Leo tatizo ni jiwe. Kauri jike hutaga mayai chini ya jiwe na kuyakalia mpaka yaanguliwe. Mtu akilipindua akitafuta pweza au chambo, kisha akaliacha hivyo, mayai hubaki juani na kukauka. Kulirudisha ni kazi ya sekunde chache, na anayefuata mwambani kesho atakuta kitu.

Kuna pia meza za wauza makombe. Ganda lililoletwa na mawimbi huwa limechakaa, na mara nyingi mgongo wake umegeuka zambarau. Linalong'aa kama kioo kwa kawaida lilitolewa kwa mnyama aliyekuwa hai. Mgeni asiyejua hulipenda hilo la pili, na muuzaji naye ana watoto wa kulisha. Si rahisi kumlaumu. Lakini katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite hakuna ruhusa ya kuokota kombe lolote, hata tupu.

Wanaotaka kumwona mwenyewe wasubiri maji ya bamvua yakupwe. Inueni jiwe upande mmoja, mtazame, kisha mlilaze taratibu kama lilivyokuwa.