Sikilizeni Injini Kabla ya Kuifungua

Rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari ya mwaka 2025 mmeisikia, na simu zenu hapa studio hazijapoa. Kwenye rasimu hiyo mamlaka ya usafiri, NTSA, ilitaka magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne tangu yatengenezwe nayo yakaguliwe, si matatu na malori peke yake. Mmelalamikia ada. Mmelalamikia foleni. Mmelalamikia mkono unaonyooshwa dirishani. Malalamiko hayo yana haki yake, na wengine wameyasema vizuri. Hofu ya kituo hiki iko kwingine. Iko chini ya boneti.

Nani atasikiliza injini?

Mkaguzi ataangalia breki, taa, magurudumu, usukani na moshi. Vizuri, aangalie. Lakini gari la Meru na la Embu ni gari lililochoka ndani kabla halijachoka nje. Kiwango cha KS 1515 kinaruhusu gari lililotumika ng'ambo liingie nchini mradi halijapita miaka minane. Basi Probox au Fielder nyingi hushuka meli Mombasa zikiwa zimeshaivuka hiyo minne, na maisha ya huku kwetu ndipo yanapoanza. Gari linabebeshwa muguka Siakago na Kiritiri, linakimbizwa hadi Pwani. Hailuksi inajazwa miraa Maua, inajazwa miraa Laare, na kila dakika njiani ni hasara kwa mwenye mzigo. Barabara yenyewe, kutoka Embu kupita Runyenjes, Chuka, Chogoria hadi Nkubu, ni kushuka mtoni na kupanda, kushuka na kupanda. Injini haipumziki. Siku moja inaanza kulia.

Na ikilia, wengi wetu tunafanya nini? Tunaongeza sauti ya redio.

Tulisema hapa, na tunasema tena: injini zetu hufunguliwa kabla ya kusikilizwa. Mwenye gari anafika gereji, anasema kuna kelele. Fundi anakanyaga mafuta mara mbili, injini inanguruma, na jibu liko tayari: tufungue tuone. Kufungua ni pesa. Kuona ni pesa. Gasketi iliyong'olewa hairudi, ni pesa nyingine. Jioni spea tatu zimebadilishwa kwa kubahatisha, gari linawashwa, kelele iko pale pale. Injini imefunguliwa kabla ya kusikilizwa!

Mafundi wa kweli tunao, na wanaujua utaratibu. Fundi wa namna hiyo ataanza na kijiti cha oili, kwa sababu oili ikipungua kila chuma kinachotegemea oili hiyo kitalia, na hakuna haja ya kumlaumu mtu mwingine. Kisha atataka injini ikiwa baridi, asubuhi, haijawashwa tangu jana. Kelele za mwanzo zina habari nyingi. Mlio wa kukwaruza upande wa mbele wa injini, unaodumu sekunde chache halafu ukapotea, humpeleka kwenye cheni ya taimingi na kile kifaa kinachoikaza. Oili haijapanda bado, cheni imelegea, inapiga kifuniko. Mwenye gari anayefika saa nane mchana na injini ya moto amekuja bila ushahidi.

Halafu fundi huyo anachukua bisibisi ndefu. Ncha anaiweka juu ya kifuniko cha valvu, mpini anaubana kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Anasikiliza. Anahamisha ncha hadi kifuniko cha cheni. Anasikiliza. Anashuka kwenye bloku, karibu na sampu. Chuma kinapitisha sauti, na pale inaposikika kali zaidi ndipo pa kuanzia. Ikiwa ni ti-ti-ti nyepesi juu, inayoenda kwa nusu ya mwendo wa injini, huenda ni tapeti zinazotaka kupimwa nafasi yake. Ikiwa ni kugonga kuzito chini, kunakozidi gari likipanda mlima na mzigo, hapo uso wa fundi hubadilika. Anakata moto wa silinda moja moja, plagi baada ya plagi. Silinda ikikatwa na kugonga kule kukapungua, beringi ya konrodi ya silinda hiyo ndiyo iliyokwisha. Anamwaga oili kwenye beseni safi na kuitazama juani. Ikimeremeta vumbi la chuma, jibu limepatikana, na hakuna aliyebahatisha.

Na mara nyingine, wasikilizaji, kelele yote iliyomkosesha mtu usingizi ni bati la kukinga joto la ekzosi lililoachia bolti, linalotikisika kama mawe ndani ya mkebe. Bolti moja! Watu wameuziwa injini nzima kwa sababu ya bolti moja, kwa kuwa hakuna aliyeinama kusikiliza.

Mtu atauliza, kelele ya injini inahusiana nini na usalama wa barabarani? Inahusiana sana. Beringi ikisagika, injini hushika. Ikishika ghafla, gari linaweza kumponyoka dereva. Na hata ikizimika taratibu, usukani unaosaidiwa na pampu ya injini unakuwa mzito papo hapo. Breki zenye busta inayotegemea mvuto wa injini zitakupa nguvu ya kukanyaga mara moja, mbili, basi. Baada ya hapo unasukuma kwa mguu wako mtupu. Sasa fikiria hayo yakitokea ukiteremka kwenda daraja la Nithi. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Taarifa za mwanzo zilitaja breki, na hatusemi injini ndiyo iliyowaua. Tunasema mteremko ule haumsamehe mtu ambaye gari lake limezimika.

Kuna pia wale wanaouza kelele. Dalali anapata gari linalogonga, anamwaga oili nyepesi, anajaza nzito kuliko inavyotakiwa, au anachanganya dawa ya kuinyamazisha. Gari linakaa kimya wiki moja au mbili, mpaka pesa ya mwalimu wa Runyenjes au mkulima wa kahawa wa Nkubu iwe imeshahama mfuko. Mnunuzi anawasha, anasikia utulivu, anatia sahihi. Huo ni wizi, na tunauita kwa jina lake. Ukienda kununua gari kuukuu, agiza lisiwashwe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina joto, huenda mwenye kuuza ana jambo analolificha. Rudi kesho au nenda kwingine.

Vijana wa Meru National Polytechnic wanafundishwa kazi hii. Mafundi wa jua kali wanafanya mitihani ya ufundi ya NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Ujuzi upo, masikio yapo. Kinachokosekana ni mwenye gari kudai kazi ifanywe kwa utaratibu, na mkaguzi kuwa na wajibu wa kusikiliza.

Basi tudai! Mwenye gari, kesho asubuhi zima redio, hata kama ni sisi tunaozungumza, teremsha kioo, washa injini na usikilize dakika nzima. Ukisikia kitu, andika: ilikuwa baridi au moto, mlimani au tambarare, juu au chini. Mpelekee fundi maandishi hayo, na usimruhusu ashike spana kabla hajakuonyesha kelele inatoka wapi. Fundi, mkatalie mteja anayekuharakisha. Dereva wa miraa, dereva wa muguka, mzigo ukichelewa utauzwa kwa bei ya chini; injini ikishika pale Nithi hakuna bei.

Na ninyi mliopiga simu kuhusu ada na foleni, msiishie kwenye simu.  Andikeni kwamba gari kuukuu liwashwe likiwa baridi mbele ya mkaguzi, na mkaguzi aandike alichosikia. Tieni sahihi, tajeni kaunti yenu, na mpeleke NTSA.