Waliokusanya na Waliozuia Kuuza: Koo za Kikabaila za Italia na Hazina Zao za Sanaa



Mgeni anayezuru Roma, Firenze au Mantova hupitishwa katika majumba yenye majina ya koo: Borghese, Colonna, Doria Pamphilj, Medici, Gonzaga. Husimuliwa utajiri wao na jinsi walivyojua kuchagua wasanii. Jioni hii ninataka kuwasifu watu wengine: wale walioandika hati za kuzuia mali hiyo isiuzwe. Hoja yangu ni kwamba fedha ndiyo iliyoikusanya sanaa ya Italia, lakini kilichoibakiza mahali pake ni sheria. Pale sheria ilipokosekana au ilipolegezwa, mrithi mmoja mwenye madeni alitosha kutawanya kilichokusanywa kwa vizazi.

Tuanze na Mantova, ambako kazi nyingi zilipotea. Ukoo wa Gonzaga uliushika mji huo mwaka 1328. Mchoraji Andrea Mantegna aliutumikia tangu 1460 hadi kifo chake mwaka 1506. Kwenye kuta za chumba kimoja cha kasri lao aliwachora mabwana zake pamoja na watoto, watumishi na mbwa wao, kazi iliyokamilika mwaka 1474. Baadaye akachora turubai tisa kubwa za maandamano ya ushindi ya Julius Caesar. Mwaka 1607 Vincenzo Gonzaga alinunua mchoro wa Caravaggio wa kifo cha Bikira Maria. Watawa ambao mchoro huo ulichorwa kwa ajili ya kanisa lao walikuwa wameukataa. Aliyemshauri Vincenzo aununue ni Rubens, naye mchoraji.

Vincenzo alifariki mwaka 1612. Wanawe walirithi michoro, na pamoja nayo wakarithi madeni. Kati ya 1627 na 1628, kwa mikono ya mfanyabiashara Daniel Nys wa Venezia, sehemu bora ya hazina ile iliuzwa kwa Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza. Mwaka 1630 askari wa mfalme mkuu wa Ujerumani waliuteka mji na kuupora.

Hapo mtu anaweza kunipinga: je, mauzo hayo si ndiyo yaliyoiokoa michoro na waporaji? Pengine iliokoka, lakini haikubaki kwao. Charles alikatwa kichwa mwaka 1649, na watawala wapya wakaipiga mnada mali yake. Mchoro wa Caravaggio uliishia Ufaransa, na leo uko Louvre. Turubai tisa za Mantegna zilisalia Uingereza, katika kasri la Hampton Court. Mantova ilibaki na kile kisichong'oka: zile picha zilizochorwa ukutani.

Sasa twende Firenze, tukalitazame jambo hilohilo likienda njia nyingine. Ukoo wa Medici ulianza na benki, ukapata mapapa, ukaishia kuitawala Toscana. Cosimo wa Kwanza alimwagiza Giorgio Vasari ajenge Uffizi kuanzia mwaka 1560, na jina lenyewe latueleza kwamba zilikuwa ofisi za serikali. Mwanawe Francesco ndiye aliyeigeuza ghorofa ya juu kuwa mahali pa kuwekea sanamu na michoro. Ng'ambo ya mto Arno, katika kasri la Pitti, familia iliendelea kurundika kazi za Raphael, Titian na wengineo.

Mwaka 1737 Gian Gastone, mwanamume wa mwisho wa nasaba iliyotawala, alifariki bila mtoto. Mataifa makubwa ya Ulaya yalikuwa yameshaamua kuwa Toscana itakwenda kwa Francis wa Lorraine, mtu wa mbali asiye na uchungu na mji huo. Aliyebaki alikuwa dada wa marehemu, Anna Maria Luisa, mjane asiye na mtoto. Jeshi hakuwa nalo, wala kiti cha enzi. Lakini mali ya ukoo ilikuwa yake, na hapo ndipo alipombana mtawala mpya. Katika mkataba wa tarehe 31 Oktoba 1737 alimwachia michoro, sanamu, vitabu na vito, kwa sharti kwamba visitolewe Firenze wala katika dola hiyo. Sababu alizitaja mwenyewe: viwe pambo la dola, viwafae watu wote, na viwavute wageni. Alifariki mwaka 1743. Mwaka 1769 Uffizi ilifunguliwa kwa umma.

Roma ilikuwa na kifungo chake cha aina hiyo, kilichoitwa fidecommesso. Mwenye mali alitamka kwamba hazina yake ishuke kwa mrithi mmoja baada ya mwingine bila kugawanywa wala kuuzwa. Sisi wa pwani hatuhitaji maelezo marefu, kwani tunaujua wakfu wa dhuria: nyumba au shamba lisilouzwa, ambalo kila kizazi hulitumia na kukiachia kinachofuata. Papa Innocent wa Kumi, wa ukoo wa Pamphilj, aliifunga hazina ya ukoo wake namna hiyo mwaka 1651. Hata leo picha yake iliyochorwa na Velázquez mwaka 1650 iko Roma, katika kasri la Doria Pamphilj, mikononi mwa familia yenyewe.

Ukoo wa Borghese unatufundisha kwa pande zote mbili. Kardinali Scipione alikuwa mpwa wa Papa Paulo wa Tano, na cheo hicho kilimtosha kuwa tajiri. Mwaka 1607 mchoraji mmoja, Cavalier d'Arpino, alinyang'anywa michoro yake zaidi ya 100, na papa akampa mpwa wake. Mwaka uliofuata mchoro wa Raphael wa kuzikwa kwa Kristo ulichukuliwa usiku kutoka kanisa la Wafransisko mjini Perugia. Siwafichi haya, kwa sababu anayerithi hazina hurithi na historia yake. Scipione huyohuyo ndiye aliyemwagiza kijana Bernini achonge Apollo na Daphne, kazi ambayo marumaru yake yaonekana kama yanachipua majani.

Miaka 200 baadaye Camillo Borghese alimwoa Paolina, dada yake Napoleon. Mwaka 1807 shemeji akataka sanamu za kale, na mamia ya sanamu yakahamia Paris, yalipo hadi leo. Camillo alipofariki mwaka 1832, ndugu yake Francesco alirithi. Mwaka 1833 michoro iliyobaki iliorodheshwa chini ya fidecommesso.

Italia ilipoungana, sheria mpya zilifuta vifungo hivyo, kwa kuwa vilizuia ardhi isizunguke sokoni. Lakini sheria ya mwaka 1871 iliacha nje hazina za sanaa, ziendelee kutogawanywa wala kuuzwa. Kwa hiyo Borghese walipofilisika mwishoni mwa karne ya 19, jumba na hazina yake havikusambaa. Serikali ilivinunua vyote kwa pamoja mwaka 1902. Linganisheni na ukoo wa Barberini: mwaka 1934 serikali ya Mussolini iliwaruhusu kuuza, na mchoro ambao Poussin aliuchorea ukoo huo kuhusu kifo cha Germanicus sasa uko Minneapolis, Marekani.

Hata hivyo, kuzuia kuuza ni nusu ya kazi. Ukoo wa Torlonia, wenye benki wa karne ya 19, walikusanya sanamu za kale zipatazo 620. Hazikutawanyika, lakini katika miaka ya 1970 jumba lao la makumbusho liligeuzwa nyumba za kupanga, na sanamu zikarundikwa ghalani. Ilibidi serikali na taasisi ya familia zikubaliane mwaka 2016, na mwaka 2020 ndipo zaidi ya 90 zilipoonyeshwa Roma. Mali isiyouzwa na isiyoonekana haimfai raia hata kidogo.

Ndiyo maana katika orodha yangu Anna Maria Luisa namweka juu ya Cosimo na juu ya Scipione. Wao walikuwa na uwezo wa kununua, na wenye uwezo huo walikuwa wengi. Yeye peke yake alifikiri mambo mawili kwa pamoja: hazina isiondoke, na watu waione. Kila anayeandika sheria ya urithi wa taifa, popote alipo, ana deni kwa mjane huyo. Sheria inayolinda bila kufungua, au inayofungua bila kulinda, haijafikia pale alipofikia yeye mwaka 1737.