Ameacha Saluni, Tumempa Nini?



Tumezoea kuwahimiza dada zetu waache saluni, kwani Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuunganisha nywele na mwenye kutaka kuunganishiwa, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Ni kweli. Lakini tuwe waadilifu: kumsuka mwanamke nywele zake mwenyewe, mahali penye sitara, hakumo katika laana hiyo. Je, tumewahi kuwaeleza hivyo?

Na yule anayeacha kabisa, hapa Rujewa ashike kazi gani? Mpunga wa Usangu upo, mashine za kukoboa zipo. Anachokosa ni mtaji wa magunia machache. Imamu Nawawi, katika al-Majmuu, ameeleza kuwa fukara mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia zana zake, na mfanyabiashara hupewa mtaji. Sisi humpa kibaba cha mchele Ramadhani, kisha tunashangaa Shawwal akirudi kwenye rasta!

Zaka ya mpunga uliofikia nisabu hutolewa wakati wa mavuno: sehemu 1 ya 10 kwa uliooteshwa na mvua, 1 ya 20 kwa uliomwagiliwa kwa gharama. Wakulima tuliomo humu msikitini, tuanze na hao dada zetu.