Klachi Mbili Ndani ya Giaboksi Moja: Maneno kwa Mafundi wa Meru na Embu



Twataka kusema jambo moja: giaboksi isifunguliwe kabla ya kupimwa. Ikibadilishwa bure, mwenye motokaa hupoteza fedha, na lawama humwangukia fundi, si tajiri wa gereji.

Honda Fit Hybrid ya kizazi kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 2013 ina klachi mbili. Moja hushika gia 1, 3, 5 na 7; ya pili hushika 2, 4 na 6. Kompyuta ndiyo inayozikanyaga badala ya mguu wa dereva.

Basi motokaa ikiletwa inashtuka, twende nayo barabarani tukihesabu gia. Ikishtuka katika 2, 4 na 6 tu, tushuku klachi ya pili kwanza, si giaboksi nzima. Tusome namba za kosa katika kompyuta, tutazame na oili. Dereva naye aulizwe. Akitambaa nyuma ya lori katika mpando wa Daraja la Nithi, klachi hizo kavu husuguana na kupata moto. Huenda zikipoa zikatulia. Tukitia klachi mpya, kompyuta nayo lazima ifunzwe upya.

La mwisho ni uhai wetu. Nyaya za rangi ya machungwa zina umeme wa zaidi ya volti 100. Tusiziguse kabla ya kuzima motokaa, kukata umeme wa betri kubwa na kungoja kama kitabu cha motokaa kisemavyo. Tajiri akituhimiza, tumjibu kwa sauti moja: glavu za umeme kwanza, kazi baadaye.