Moto wa Jikoni Nao Unakula Malisho

Mazungumzo na familia za wafugaji



Tukikutana huwa tunazungumzia chanjo, josho na malisho. Leo tuingie jikoni, kwa sababu moto wa jikoni nao unakula malisho. Mgunga unaokatwa kuni au kuchomwa mkaa ni mti uleule unaodondosha maganda wakati wa kiangazi, mbuzi wakaponea hapo. Kuni zikiisha karibu na boma, zinabaki njia mbili: mama atembee mbali zaidi, au mbuzi apelekwe mnadani ili mnunue gunia la mkaa. Kwa vyovyote vile, gharama inatoka zizini.

Yaangalieni mafiga yenu. Moto ulio wazi hupigwa na upepo, joto likaenda pembeni. Ukichoma kuni 10, joto la kuni 1 au 2 hivi ndilo linaloingia kwenye chakula. Zilizosalia umezibeba mgongoni bure. Hapo ndipo pa kuanzia, na kazi yenyewe haihitaji fedha.

Kwanza, kausha kuni. Ukuni mbichi, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Moto unayakausha hayo kwanza, ndipo uchemshe ya kwako; ndiyo maana moshi unakuwa mwingi. Okota kuni kavu, zipasue vipande vyembamba, zipange juani, na masika uzifunike.

Pili, loweka na ufunike. Maharage na mahindi ya kande yalale ndani ya maji usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, upike kwa maji mapya, sufuria ikiwa na mfuniko. Ikishachemka, punguza kuni. Maji yanayotokota kwa fujo hayana joto kuliko yanayotokota polepole. Yanakauka haraka tu. Chakula kikiiva, toa kuni na uzizime kwa mchanga. Za kesho hizo.

Tatu, jenga jiko la udongo. Chukua udongo wa kichuguu, changanya na majani makavu yaliyokatwakatwa au kinyesi cha ng'ombe, ukande kwa maji. Finyanga donge la kujaribia, liache likauke kivulini. Likipasuka, ongeza majani. Kisha zungushia mafiga ukuta mnene, ukitumia sufuria ya kila siku kama kipimo. Kati ya sufuria na ukuta acha upana wa kidole, ili moto uulambe ubavu wa sufuria. Mlango wa kuni uwe mdogo. Jiko likauke wiki 2 au 3 kabla ya kupikia, na likipata ufa, liziba kwa udongo uleule.

Nne, tengeneza kapu la joto. Jaza nyasi kavu chini na pembeni mwa kapu kubwa, tandika kitambaa, weka sufuria ikiwa bado inatokota na imefunikwa, halafu juu shindilia blanketi kuukuu. Wali uliochemka dakika 5 hujiivia humo kwa saa moja hivi. Maharage yaliyolowekwa yachemke dakika 30 motoni, ndipo yakae kapuni saa 3 au 4, kisha yarudi motoni yachemke tena kabla ya kuliwa. Usifungue kuchungulia, joto litatoka. Wala usilaze chakula humo usiku kucha, maana kikiwa vuguvugu kitachacha.

Sasa tahadhari. Bana kuni kwenye kila kitu, ila si kwenye maziwa. Maziwa yachemke hasa. Yakiwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu, au brusela, ugonjwa uleule unaofanya ng'ombe watupe mimba. Mtu akiupata, homa na maumivu ya viungo humrudia mara kwa mara, na matibabu yatakula fedha kuliko mkaa. Vilevile, msilale na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Najua kuna watakaouliza habari za biogesi. Inamfaa anayefuga ng'ombe palepale nyumbani na mwenye maji kila siku, kwa kuwa kinyesi lazima kichanganywe na maji. Familia inayohama na mifugo ianze na haya manne. Jiko la udongo mtaliacha na kujenga jingine mnakohamia. Kapu litapanda juu ya punda.

Mjipime wenyewe. Wiki hii, kila mzigo wa kuni ukiisha, chora mstari mmoja ukutani kwa kipande cha mkaa. Wiki ijayo kausheni, lowekeni, funikeni na mtumie kapu, kisha mchore tena. Kila mstari uliopungua ni safari moja ambayo mama hakwenda, na ni tawi la mgunga lililobaki kwa ajili ya mbuzi. Hesabu hizo njooni nazo siku ya josho, tuzilinganishe boma kwa boma.