Mifupa Iliyopona

Mto Nile uanzao safari yake Jinja, mwendo mfupi tu kutoka Mafubira, huvuka Sudan na kuingia katika ziwa kubwa lililofanywa na bwawa la Aswan. Chini ya maji ya ziwa hilo, karibu na Wadi Halfa, yamefunikwa makaburi ya kale ya Jebel Sahaba. Katika miaka ya 1960, kabla maji hayajafika, wataalamu wakiongozwa na Mmarekani Fred Wendorf walichimba hapo na kutoa mifupa ya watu 61, waliozikwa angalau miaka 13,400 iliyopita.

Kwa muda mrefu ilisadikiwa kwamba wengi wao waliuawa katika pigano moja. Mwaka 2021 wataalamu walioichunguza upya mifupa hiyo walitangaza habari nyingine. Watu 41, wanaume, wanawake na watoto, walikuwa na alama za majeraha; na 16 kati yao walikuwa na majeraha mapya pamoja na ya zamani yaliyokwisha kupona. Kwa hiyo mashambulizi yalikuwa ya mara kwa mara, na aliyejeruhiwa katika shambulio moja aliweza kuishi hata likaja jingine.

Hapo ndipo askari wa jeshi na polisi apaswapo kutega sikio. Mtu akifa mara tu baada ya kuvunjika, kingo za mfupa hubaki kali. Akiishi, mfupa mpya huota na kuacha kifundo. Paja lililovunjika huchukua kiasi cha miezi mitatu, pengine zaidi, kuunga. Muda wote huo majeruhi hawezi kuwinda wala kumkimbia adui. Kama aliishi, yuko aliyemletea maji.

Ushahidi mzito zaidi umetoka mbali, katika pango la Shanidar, kaskazini ya Iraki. Mwaka 1957 yalipatikana humo mabaki ya mwanamume wa jamii ya Neanderthal, aliyeishi zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyauka na kukatika juu ya kiwiko. Pigo la usoni huenda lilimpofusha jicho la kushoto. Alichechemea, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa masikio yake pia yalikuwa mabovu. Hata hivyo aliishi miaka mingi baada ya kuumia, akafa akiwa mtu mzima wa miaka 40 au zaidi, umri mkubwa kwa watu wa zama zile.

Wako wasemao kwamba zamani mlemavu aliachwa porini afe. Mifupa hii yawakanusha. Lakini kuna tahadhari, nayo ni ya haki. Mwaka 1991 mtaalamu wa Kimarekani, Katherine Dettwyler, alionya kwamba mfupa hauwezi kuthibitisha huruma, na kwamba ni kosa kumdhania mlemavu kuwa mzigo mtupu asiyefanya lolote. Yule wa Shanidar meno yake ya mbele yalikuwa yamelika sana. Yaelekea aliyatumia kushikia vitu mahali pa mkono uliopotea. Alitunzwa, kisha akafanya kazi.

Vita vya miongo mingi vimeiachia Uganda askari wengi waliopoteza viungo. Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 1995 inawapa watu wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wao, na huko Mubende jeshi lina kituo cha kuwatunza majeruhi na kuwafundisha kazi za mikono. Hayo ni mema. Linalosumbua ni majeruhi huyo kurudi kwa wenzake akapewa kiti kivulini na salamu za pole, basi. Kushika simu ya upepo, kuandika daftari la ghala na kuwafundisha makuruta kusoma ramani ni kazi zilizomo katika kila kambi na kila kituo cha polisi, kuanzia Jinja hadi Mbale, na hakuna hata moja kati yake ihitajiyo miguu miwili.